Siku ya Familia Bwawani Hombolo: Mwongozo Kamili wa Kupiga Kafi na Watoto

Sisi wa Dodoma tumezoea kuambiwa kwamba anayetaka maji aende Dar es Salaam, Mwanza au Kigoma. Mji wetu uko kwenye ukame, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu; miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Lakini kilomita 40 hivi kaskazini mashariki ya mji, ukipitia Ihumwa, lipo bwawa la Hombolo. Lilijengwa mwaka 1957 kwa kuzuia maji ya Mto Kinyasungwe Mdogo, na tangu hapo watu wamekuwa wakivua perege na kambale humo, wakinywesha mifugo na kumwagilia mashamba. Familia yangu huenda huko kila mwaka, kayaki mbili za plastiki, yaani mitumbwi midogo ya kukalia juu, zikiwa zimefungwa juu ya gari, mama mkwe mbele, watoto nyuma wamebanana na deli la maji.

Ninaandika haya kwa sababu kila tukirudi, majirani wanauliza tulifanyaje. Nawaeleza kwa mpangilio tunaoufuata wenyewe, kuanzia wiki mbili kabla ya safari hadi miezi miwili baada yake. Jambo moja nalisema mapema kwa kuwa mengine yote yanatokana nalo: bwawani tunapiga kafi, hatuogelei. Kuogelea kwetu ni mjini, kwenye bwawa la hoteli lenye maji yaliyotiwa dawa. Watoto walinuna mwaka wa kwanza. Siku hizi wanajua sababu, na mkubwa ndiye anayewaeleza wageni.

Sababu yenyewe ni kichocho

Minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka huingia kwenye konokono wadogo wa maji baridi. Humo huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala mchubuko. Hupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, na kwa macho huvioni. Mtu aliyesimama majini hadi magotini anafua nguo ameshajiweka hatarini sawa na anayepiga mbizi.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani. Vijidudu navyo hutoka konokononi jua likipanda, na wingi wao huwa mkubwa kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 au 9 mchana. Sasa tazama jinsi jambo hili linavyomgeuka mzazi. Mahali anapopaona salama kwa mtoto mdogo, yaani pale ukingoni maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu, kando ya majani, saa ya joto ambapo mtoto hatapata baridi, ndipo mahali pabaya kuliko pote na ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Kuna watakaokwambia mbona watoto wa vijiji vyenye mabwawa wanaoga kila siku. Ni kweli wanaoga, na ndio wanaougua zaidi. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, baada ya Nigeria, na wengi wao ni watoto wa umri wa shule.

Je, anayepiga kafi halowi? Analowa. Kafi linamwaga matone mapajani, na kayaki ya kukalia juu huwa na maji kidogo sehemu ya kukaa. Kwa hiyo sisemi kwamba kayaki inaondoa hatari. Inaipunguza sana, kwa kuwa unakuwa mbali na ukingo wenye majani na mwili wako hauko ndani ya maji. Hatari inayobaki tunaishughulikia kwa kuwahi asubuhi, kwa kuchagua mahali pa kushushia kayaki, na kwa kupima baadaye.

Hombolo na si Mtera

Wapo watakaokushauri uende Mtera, kwenye barabara ya Iringa, kwa kuwa ni kubwa na inapendeza. Mtera nenda ukale samaki wa kukaanga, simama upige picha, mwoneshe mtoto umeme unatoka wapi. Usishushe kayaki. Lile ni bwawa la Mto Ruaha Mkuu, lina mamba na viboko, na kayaki ya familia iko sentimita chache tu juu ya maji. Singida nako kuna maziwa mawili mazuri, Singida na Kindai, ila hayo ni maziwa ya chumvi. Ni safari ya kwenda kutazama ndege, na mwongozo wake ni mwingine.

Msimu na saa

Tumejaribu miezi tofauti. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili mwanzoni, maji yanaingia kwa nguvu, yanabeba magogo na matope, na radi hazina taarifa. Ukisikia ngurumo ukiwa majini, toka hapohapo, kaa ndani ya gari, na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Agosti hadi Oktoba upepo ni mkali, na maji yameshuka hadi ukingo umekuwa tope linalomeza mguu. Mimi nachagua mwisho wa Mei na Juni. Bwawa bado limejaa, anga ni safi, na upepo wa asubuhi ni mdogo. Juni alfajiri kuna baridi inayouma kweli, kwa hiyo beba masweta; watu wa pwani hushangaa tukiwaambia hivyo kuhusu Dodoma.

Saa ndiyo muhimu kuliko mwezi. Tunaondoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri ili saa 1 asubuhi kayaki ziwe majini. Saa 3 na nusu, ikichelewa sana saa 4, kila kayaki iko nchi kavu. Asubuhi upepo bado umelala, jua halichomi, vijidudu vya kichocho bado ni vichache. Saa moja ya kuchelewa inakuharibia vyote vitatu kwa pamoja. Kama mmechelewa kuamka na mnaona mtafika saa 4, nendeni tu mkale, mkatembee ukingoni kwa viatu, kayaki zibaki juu ya gari. Tuliwahi kufanya hivyo mara moja, na siku ilikuwa nzuri.

Wiki mbili kabla: mazoezi mjini

Hapa ndipo wazazi wengi wanaruka, na ndipo mimi sikubali kuruka. Tafuta hoteli mjini yenye bwawa la kuogelea linaloruhusu watu wa nje kwa kiingilio, nenda na watoto angalau mara tatu. Hatutafuti mwogeleaji wa mashindano. Kila anayepanda kayaki aweze mambo mawili akiwa amevaa jaketi okozi lake mwenyewe: aanguke majini bila kupiga kelele za hofu, kisha aelee chali akipumua kwa utulivu mpaka mtu amfikie.

Kuelea chali kunafundishwa hivi. Simama majini, maji yakufike kifuani. Weka kiganja chako chini ya kisogo cha mtoto na kingine chini ya kiuno. Mwambie atazame dari au mawingu, masikio yaingie majini, tumbo alisukume juu kama anataka kuonesha kitovu. Watoto wengi hukunja kiuno wakainua kichwa, na hapo ndipo wanapozama. Masikio yakishakubali kulowa, mwili mzima unakubali. Binti yangu wa pili alichukua siku mbili kukubali masikio tu. Siku ya tatu niliondoa mkono wa kiunoni, kisha wa kisogoni, naye akabaki pale juu ya maji anahesabu taa za dari kwa sauti.

Akishaelea, mvishe jaketi umsukume kidogo kutoka ukingoni, kwa kumwambia kwanza. Asiambiwe uongo. Mtoto uliyemtupa majini kwa hila atakukumbuka siku ile mtakapokuwa bwawani unamwambia atulie.

Jaketi okozi

Hakuna kayaki bila jaketi, na hilo linamhusu baba kama linavyomhusu mtoto. Wanaume wanaojua kuogelea ndio wagumu kuliko wote kuvaa, na mtoto huiga anachokiona.

Soma lebo ya ndani: jaketi linachaguliwa kwa kilo za mtu, umri haukusaidii. Funga mikanda yote, kisha simama nyuma ya mtoto, shika jaketi mabegani, livute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litamtoka kichwani. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Ukinunua lililotumika, libane sponji yake kwa vidole. Ikibonyea bila kurudi, au ikiwa inamumunyuka, liache hapohapo. Kisha lijaribu kwenye bwawa la hoteli kabla hujaliamini. Maboya ya kuvaa mikononi na mipira ya ndani ya matairi ni vya kuchezea, havimwokoi mtu.

Usimfunge mtoto kwenye kayaki kwa kamba wala kanga, hata awe mdogo kiasi gani. Kayaki ikipinduka, kamba hiyo ndiyo itakayomshika chini. Watoto chini ya miaka sita kwetu hawapandi. Hubaki na bibi yao, na nitaeleza kazi yake hapa chini, kwa kuwa ni kazi kubwa.

Mavazi na mizigo

Dera, kanga na kitenge havifai kwenye kayaki kwa kuwa vinazunguka miguu vikilowa. Jinzi inakuwa nzito kama gunia. Vaa traksuti nyepesi au taiti ndefu na shati la mikono mirefu. Zinakukinga jua na matone ya maji pia. Viatu viwe vya plastiki vilivyofunika kidole, vinavyobana mguu. Mabuti ya mvua usivae, maana yakijaa maji yanakuvuta. Kofia iwe na kamba ya kidevuni.

Kwenye gari tunaweka maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, na dumu jingine la lita 20 la maji ya bomba kwa ajili ya kujisuuza tu. Hilo dumu usilisahau. Tunaweka taulo moja kwa kila kichwa, nguo kavu kila mtu na mfuko wake, turubai na kamba za kivuli, mkeka, kamba ndefu ya mita 20 iliyofungwa dumu tupu la lita 5 mwishoni, filimbi kwa kila anayepanda kayaki, na boksi la huduma ya kwanza lenye pakiti za ORS. Mafuta ya kuzuia jua kwa wote, na kama kuna mwenye ualbino kwenye familia, yeye apewe zamu ya kwanza kabisa asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Chakula kisiwe kazi. Chapati na mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, tikiti, na zabibu kama ni msimu. Samaki tunanunua hukohuko.

Mkifika: salamu kwanza

Bwawa lina wenyewe. Kuna watu wanaoishi kwa maji yale, na ninyi ni wageni wa saa chache. Simamisha gari, shuka, salimia. Kwa wazee ni shikamoo, na ukiongeza “mbukwenyi” ya Kigogo utaona nyuso zinavyofunguka. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa viongozi wa wavuvi, eleza mmekuja kufanya nini na mtaondoka saa ngapi. Hii ni adabu, na pia ni usalama: ukipata shida, watakaokufikia kwanza ni watu hawa.

Kisha tafuta mvuvi aliyekuwa majini alfajiri hiyo, umuulize mambo manne. Je, kuna mamba au kiboko aliyeonekana? Uliza kila safari, hata kama mwaka jana ulijibiwa hakuna, kwa sababu mafuriko huhamisha wanyama. Nyavu zimetegwa wapi? Wapi kuna visiki au korongo chini ya maji? Na upepo wa siku hizi unaanza saa ngapi, unatoka upande gani? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, au likiwa la kusitasita, kayaki hazishuki. Sina mjadala juu ya hilo.

Mahali pa kushushia pawe na ardhi ngumu, changarawe au mwamba, pasipo majani ya majini, na mbali na pale mifugo inaponyweshwa. Mbeba kayaki apime kwanza kwa fimbo aone tope linashika kiasi gani. Anayekaa akae kayaki ikiwa imeshaelea nusu, asukumwe na aliyebaki ukingoni, ili watu wasisimame majini wakisubiriana.

Kupiga kafi

Weka kafi juu ya kichwa chako, mikono miwili imelishika. Viwiko vikikunjwa kama pembe ya meza, hapo ndipo pa kushika. Kaa wima, magoti yamekunjwa kidogo, visigino vimetulia. Ingiza kafi majini karibu na vidole vya miguu, livute hadi usawa wa nyonga, litoe. Nguvu itoke kwenye kiuno kinachogeuka. Mtu anayepiga kwa mikono peke yake atachoka kwa dakika kumi. Kugeuka kulia, piga kushoto kwa mzunguko mpana, kafi lichore nusu duara kutoka mbele hadi nyuma. Kusimama, piga kinyume. Mtoto hujifunza haya kwa nusu saa kama hujamkaripia.

Mtoto hukaa mbele, mkubwa nyuma, kwa kuwa wa nyuma ndiye anayeongoza na ndiye anayemwona mwenzake. Usiruhusu mbio siku ya kwanza. Mkae ndani ya umbali ambao mtu wa ukingoni akipaza sauti mnamsikia, na mwende sambamba na ukingo, si kuelekea katikati. Ukiona vielea vya nyavu, zunguka mbali. Wavu ukishika kafi unakupindua, na ukiuchana umemnyang'anya mtu riziki yake.

Upepo sasa. Nitasimulia kilichotupata mwaka wa kwanza, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha. Ilikuwa Septemba, nilikuwa na binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka minane. Maji yalikuwa yametulia kama sahani, tukaachia kayaki iende yenyewe, tunaongea, tunatazama ndege. Upepo mdogo ulikuwa mgongoni mwetu, mtamu kabisa. Saa 4 ikapita kidogo, nikageuza tuanze kurudi, na hapo ndipo nilipogundua tulikotoka kumekuwa mbali na ule upepo mtamu sasa unatupiga usoni. Napiga kafi kumi, kayaki inasogea mita mbili, napumzika kidogo, tunarudishwa mita tatu. Binti akauliza kwa sauti ndogo kama tunarudi nyuma. Sikumjibu. Mzee mmoja aliyekuwa anakunja nyavu alituona, akaja na mtumbwi wake, akatutupia kamba, akatuvuta pembeni kwenye ukingo wa karibu, tukatembea kurudi kwa miguu tumebeba kayaki. Nilimwamkia nikamshukuru, akaniambia: “Upepo wa huku unalala usiku, saa nne unaamka. Wewe ulikuwa hujaambiwa tu.”

Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba kila anayeanza anaanza kwa kuupinga upepo, hata uwe mdogo namna gani. Kabla ya kushusha kayaki chukua vumbi mkononi, liachie, tazama linakoelekea. Nenda upande linakotoka. Ukichoka, upepo utakurudisha nyumbani. Na upepo ukiwa unatoka ukingoni mliko kwenda katikati ya bwawa, hata kama ukingoni pametulia kwa sababu ya miti, msishuke.

Mwenye kofia nyekundu

Mtu anayezama hapigi kelele. Mdomo wake unashughulika na kutafuta hewa, mikono inabonyeza maji pembeni, kichwa kimerudi nyuma, na baada ya muda mfupi sana amekwenda chini. Watu wanaweza kuwa kumi ukingoni wasione, kila mmoja akidhani mwingine anatazama. Kwa hiyo sisi tuna kofia moja nyekundu. Anayeivaa kazi yake ni moja tu: kutazama maji. Hashiki simu, hapiki, hapigi picha, haongei akiwa amegeuka. Baada ya dakika 20 anamwachia mwingine jukumu kwa kumkabidhi kofia mkononi na kutamka idadi: “Wanne majini.” Anayepokea anahesabu mwenyewe kabla hajaiweka kichwani.

Mama mkwe wangu hapandi kayaki na wala hataki kusikia habari zake, lakini ndiye mlinzi bora tuliye naye. Anakaa kwenye kiti chake chini ya turubai, funguo za gari na simu zote ziko mapajani mwake, na filimbi shingoni. Filimbi moja maana yake nitazame, mbili rudini, tatu kuna hatari. Siku moja alipuliza mbili baada ya kuona majani ya mti wa ng'ambo yanaanza kutikisika, sisi huku majini hatujahisi kitu. Tulirudi.

Watoto wadogo waliobaki naye wasikae karibu na maji. Tunachora mstari ardhini kwa fimbo, hatua kumi kutoka ukingoni, na hawauvuki bila kushikwa mkono.

Mtu akianguka, au mbaya zaidi

Kayaki ikipinduka, ishikeni. Msiiache kuogelea kwenda ukingoni, hata kama unaonekana karibu; kayaki inaelea na inaonekana kwa mbali. Mkubwa aigeuze, ampandishe mtoto kwanza. Kupanda ni kulala kifudifudi kukata kayaki katikati, kupiga miguu, kujivuta mpaka kitovu kiwe juu ya kiti, kisha kugeuka taratibu ukakaa.

Mtu akiwa anahangaika majini, aliye ukingoni asirukie. Mtupie kamba yenye dumu, au mnyooshee kafi huku umelala chini. Wengi waliokufa wakiokoa wenzao walikuwa watu wenye upendo walioingia majini mikono mitupu.

Ukimtoa mtu hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Unapoteza muda na unamtapisha yakaingia mapafuni. Mlaze chali kwenye ardhi ngumu, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni ukitazama kifua kinanyanyuka. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha kama sentimita 5 kwa mtu mzima na theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto. Pumzi mbili, kandamiza 30, endelea bila kukoma. Mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya polisi, na gari liwashwe. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye. Fanyeni zoezi hili sebuleni kwa mto wa kochi kabla ya safari.

Kutoka majini na kula

Kila anayeshuka anakwenda moja kwa moja kwenye lile dumu la lita 20, anasuuzwa, anajifuta kwa nguvu na taulo, hasa miguu na katikati ya vidole, anavaa nguo kavu. Kujifuta haraka kunasaidia kiasi, hakutoshi peke yake, lakini tunafanya. Nguo zilizolowa zinaingia mfuko wao.

Baada ya hapo ndipo siku inapokuwa tamu. Ni saa 4, watu wana njaa, jua limeanza kukolea na ninyi mko kivulini. Nunueni perege kwa wavuvi, waparueni, wapakeni chumvi na ndimu, jiko la mkaa limeshawaka. Watoto watembezwe wakaone nyavu zinavyoshonwa. Wakiomba kwa adabu, wataoneshwa fundo. Ukiwa na muda, nunua zabibu njiani.

Takataka zote zirudi garini. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini chupa na karatasi za biskuti bado zinaachwa kwenye kingo za maji yetu, na ng'ombe wanazila. Na mtu akibanwa haja, aombe choo kwa wenyeji au aende mbali na maji, achimbe, afukie. Umeshasoma hapo juu mayai ya kichocho yanavyofika kwa konokono.

Saa 8 mchana tunaaga wale tuliowasalimia asubuhi, na tunaondoka.

Wiki sita hadi nane baadaye

Tia alama kwenye kalenda siku hiyohiyo mliyorudi. Vipimo vya kichocho vikifanywa mapema mno havioneshi kitu, kwa kuwa minyoo bado haijakomaa kutaga. Zikishapita wiki sita hadi nane, peleka kila aliyekuwa majini kituo cha afya, umwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa bwawani. Kwa kipimo cha mkojo, toa sampuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Kuna kipimo cha choo pia, kwa aina ya pili ya kichocho, kile cha tumbo. Mtu akipata homa, upele unaowasha au kikohozi kabla ya hapo, au akaona damu kwenye mkojo, aende mara moja bila kusubiri tarehe.

Dawa yake ni praziquantel, inayotolewa kwa uzito wa mtu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na hunywewa mtu akiwa amekula. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kusalia, na hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia kuimeza jioni ileile ya safari. Sisi tarehe ya kupima ameiandika binti mkubwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, chini yake ameandika majina ya wote waliopanda kayaki, na lake ndilo la kwanza.